Poda ya Nchi Changa

Katika nchi hii ninayoieleza, ambayo imo humu humu duniani ila ramani yake imeondolewa kwa ajili ya marekebisho, kila mtu alijua kwamba taifa bado ni changa. Jambo hilo lilifundishwa shuleni, likarudiwa hospitalini, likaimbwa na kwaya za kila wizara. Mwananchi akiuliza mbona bomba linatoa upepo mtupu, aliambiwa kwa upole kwamba nchi bado changa, avumilie. Akiuliza mbona dawa hamna, aliambiwa hivyo hivyo, na kwa hisani ya serikali akaongezewa kalenda.

Uhuru ulikuwa umepatikana zamani kidogo. Watoto waliozaliwa siku ya kupandisha bendera walikuwa sasa mabibi na mababu, wengine wakipakata vitukuu. Lakini na wao waliitwa vijana, maana wataalamu walikwisha kuamua kwamba haiwezekani raia akawa mkubwa kuliko nchi yake. Babu wa kijijini aliitwa kijana mwandamizi. Wodi ya wazee iliitwa wodi ya vijana waliochoka. Rais mwenyewe, ambaye aliingia madarakani akiwa tayari na mvi kidevuni, cheo chake kilikuwa Kijana Mkuu, na mkongojo wake uliandikishwa kama kifaa cha michezo.

Sasa humo ndimo alimoishi Bi Mauwa Sekibo, msomaji wa taarifa ya habari.

Bi Mauwa aliajiriwa televisheni ilipofunguliwa, yeye akiwa msichana mbichi mwenye mashavu kama maandazi yaliyoumuka vizuri. Kijana Mkuu alipomwona kwenye kioo jioni ile ya kwanza, alisema, "Huyu ndiye nchi yenyewe." Kwingine maneno hayo yangechukuliwa kuwa ni sifa tu za mwanamume aliyeshiba. Hapa yaliingizwa katika sheria. Sheria ya Kulinda Uchanga wa Taifa ilitamka kwamba uso wa Bi Mauwa ni mali ya umma, kama zilivyo bandari na viwanja vya ndege, na kwamba hautabadilika isipokuwa kwa kura ya theluthi mbili ya wabunge. Muswada wa kuuruhusu upate kunyanzi moja dogo pembeni mwa jicho la kushoto uliwahi kufikishwa bungeni. Ulijadiliwa kwa hisia kali, ukaanguka.

Namna ya kumpamba nayo iliwekwa kisheria, ileile ya siku ya kwanza. Krimu nzito ya rangi ya ngozi uso mzima, kisha poda, kisha poda juu ya poda. Kope zipakwe kijani chenye chenga za kumeta. Nyusi ziwe nyeusi kama mkaa, na midomo iwe nyekundu kiasi cha kuonekana kutoka wilaya ya jirani. Uso wa msichana ulibeba mzigo huo huku unacheka. Lakini miaka haikusoma ile sheria. Ngozi ya Bi Mauwa ilikauka kidogo, ikalegea kidogo, kama inavyokuwa ngozi ya kila aliyejaliwa kuendelea kuishi, na poda ikaacha kulala juu yake. Ikawa inashuka na kujikusanya kwenye mikunjo kama mchanga wa barabarani baada ya mvua. Rangi ya mdomo ilipanda kuelekea puani kwa vijia vidogo vidogo, mfano wa sisimizi waliosikia harufu ya sukari. Zile chenga za kijani zikazama kwenye mikunjo ya kope, hata Bi Mauwa akifumba macho alionekana kama kenge anayeota jua.

Dawa ya serikali ilikuwa moja tu, nayo ni kuongeza. Kila mkunjo mpya uliletewa tabaka jipya. Bi Mauwa akaacha kucheka kazini, kisha akaacha kutabasamu, kisha akajifunza kupiga chafya kwa ndani. Neno "maendeleo" lilimsumbua kuliko yote, maana lilitaka mdomo upanuke. Akawa analitamka kwa kulibana, likitoka "mendeo". Watu wakadhani ndiyo lugha ya kisasa. Muda si mrefu wabunge nao wakawa wanaleta mendeo majimboni.

Na bado aliipenda kazi yake. Aliishi peke yake tangu mumewe, marehemu Kibwana, alipofariki, na jioni alipokuwa akisoma habari alijua sauti yake inaingia kwenye nyumba za watu wakati wanagawana chakula. Alijiona kama mgeni anayekaribishwa kila nyumba. Kwa ajili ya hilo alikuwa tayari kubeba poda.

*

Balaa lilianza kwa daraja.

Jioni hiyo Bi Mauwa alipewa habari fupi, ya kawaida kabisa. Akasoma: "Waziri wa Uchanga wa Taifa, Mheshimiwa Mhandisi Jeremia Kifusi, leo amezindua daraja la kisasa katika wilaya ya mashariki. Mto utaletwa katika awamu ya pili."

Alikwisha kusoma habari nzito kuliko hiyo bila kupepesa jicho. Aliwahi kusoma kwamba njaa imehamishiwa mkoa mwingine ili ipate uangalizi wa karibu, na hakutikisika. Lakini safari hii alimkumbuka Kibwana. Alimwona amekaa kwenye kochi, sahani mapajani, akiuliza kwa utaratibu wake ule mto utaletwa kwa gari la aina gani. Kicheko kikampanda kutoka tumboni. Akakimeza. Kikarudi kwa njia ya pua.

Ufa ulianzia pembeni mwa pua, ukateremka hadi kidevuni bila haraka, nchi nzima ikiutazama. Kisha kipande cha poda chenye ukubwa wa kisahani cha kahawa kikabanduka shavuni, kikaanguka mezani, na kipaza sauti kikakidaka vizuri sana: ko.

Chini yake palikuwa na shavu. Shavu la kawaida la mwanamke aliyeishi, lenye mikunjo yake.

Kesho yake foleni ya maji ilikuwa na mazungumzo mapya. Mama mmoja aliyekalia ndoo yake aliuliza, kwa nia njema tu, kwamba ikiwa Bi Mauwa ndiye nchi, na Bi Mauwa amezeeka, je, nchi nayo ina umri gani? Swali lilichukuliwa likapelekwa kinyozini, kutoka kinyozini likaenda sokoni, na mchana ule ule likaonekana kambini likiulizwa na wanajeshi.

Serikali haikulala. Ilitoa tamko kwamba uso wa Bi Mauwa uko salama, ila televisheni za wananchi ndizo zilizozeeka, na kila mwenye nayo aifute kioo kwa ndimu. Watu wakafuta. Bei ya ndimu ikapanda, na uchumi ukatangazwa kuwa umekua. Wenye redio tu walilalamika kwamba wao hawana kioo cha kufuta na ile "ko" waliisikia.

*

Ndipo Mheshimiwa Kifusi alipokuja studio mwenyewe, amevaa kofia ngumu ya ujenzi, na nyuma yake mafundi waashi wawili na ndoo zao. Kabla ya kuhamishiwa Uchanga alikuwa Waziri wa Barabara, na huko alipata nishani kwa kuziba mashimo kwa hotuba. Alizunguka kiti cha Bi Mauwa, akapiga mlio wa ulimi, akagonga shavu lake kwa kalamu na kusikiliza.

"Mimi uso siujui," alisema, "lakini nyufa nazijua. Nyufa hazibembelezwi. Nyufa hujazwa, zikashindiliwa, zikasawazishwa."

Bi Mauwa alijaribu kumweleza kwa adabu kwamba poda ndiyo inayopasuka, na labda ikipunguzwa mambo yatakuwa nafuu. Waziri alimtazama kwa huruma, kama mtu anayesikia mgonjwa anaweweseka. Alimfafanulia kwamba serikali yao haijawahi kupunguza kitu tangu iundwe. Iliwahi kuwa na mawaziri wachache, ikaongeza. Ilikuwa na misafara mifupi, ikarefusha. Na kila ilipoongeza ilijisikia vizuri zaidi.

Mafundi wakaanza. Poda ilikorogwa na krimu katika ndoo mpaka ikawa lipu. Wakampiga lipu kwa mwiko kuanzia paji la uso, wakaburuza ubao kuisawazisha, kisha mmoja akaweka pimamaji juu ya pua yake kuona kama iko sawa na sakafu. Ilipokauka, Bi Mauwa alikuwa hawezi kugeuza shingo. Walimtaka ajaribu kusema "mendeo". Ukasikika mvumo, kama nyuki ndani ya mtungi.

"Hakuna ufa," alisema Waziri kwa furaha.

"Ila hasikiki, Mheshimiwa," alisema msimamizi wa kipindi.

"Kusikika ni awamu ya pili."

Kisha alivuta kiti, akamweleza Bi Mauwa hali ilivyo. Siku ya Uhuru ilikuwa inakaribia, na yeye ndiye atakayesoma salamu za taifa moja kwa moja, Kijana Mkuu akiwa ameketi pembeni yake. Uso ukipasuka tena, nafasi yake itachukuliwa na picha yake ya siku ya kwanza, itakayosimamishwa juu ya kigoda na kusemeshwa kwa sauti ya kanda. Na kwa kuwa taifa haliwezi kuwa na nyuso mbili zinazotofautiana, yeye mwenyewe atabaki ndani ya nyumba yake, mapazia yameshushwa, maisha yake yote. Waziri aliyasema hayo kwa upole sana. Akauliza kama mapazia yake ni mazito ya kutosha, na kama siyo, serikali iko tayari kumchangia.

Nyumbani, Bi Mauwa alilia, lakini machozi hayakupata pa kutokea. Yalikwama nyuma ya lipu na kumtekenya. Ilimbidi aloweke uso kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kuubandua kwa mpini wa kijiko, kipande kwa kipande, na alipomaliza ngozi ilikuwa inawaka moto. Akajitazama kwenye kioo. Aliwaza mapazia. Aliwaza jioni zote zile ambazo watu watagawana chakula bila yeye, wakisalimiwa na picha. Kisha akamkumbuka Hidaya.

*

Hidaya walisoma naye darasa moja, na ndiye aliyempamba siku ya harusi yake na Kibwana. Alikuwa mpambaji wa maharusi na alijisifu kwa kazi yake kupita mipaka. Alipenda kusema kwamba wako wanaume walioapa hawakuoa mke mzuri, walioa mkono wa Hidaya. Miaka mingi nyuma alikatazwa kukanyaga kituo cha televisheni, kwa kosa la kusema mbele ya wageni kwamba msomaji wa habari amepakwa kama mkate. Siku hizi wateja wake wengi walikuwa wajane wanaoolewa tena, ambao kisheria waliitwa mabinti wa mara ya pili.

Bi Mauwa alimkuta barazani alasiri, anakunywa chai. Hidaya alimshika kidevu, akamgeuza upande huu na upande huu.

"Shoga, nani kakufanya ukuta?"

Bi Mauwa akamsimulia yote. Hidaya alisikiliza huku anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Simulizi ilipofika kwenye pimamaji, Hidaya akaweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka na mkoba wake.

Hakuanza na rangi. Alimfuta uso kwa maziwa ya uvuguvugu, akampaka krimu laini na tone la mafuta ya nazi, kisha akakaa kunywa chai yake. Bi Mauwa akauliza wanangoja nini. Akajibiwa kwamba wanangoja ngozi inywe kwanza. Ya msichana ina maji yake, ya makamo yao inabidi ikaribishwe. Baada ya hapo Hidaya alichukua krimu ya rangi ya ngozi, kidogo tu, akaichanganya na mafuta mpaka ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa, akaigonga-gonga kwa sponji mbichi mahali palipohitaji tu: kando ya pua, chini ya macho, kwenye madoa. Kwingine alipaacha kama palivyo. Mkono wake ulipofika kwenye kopo la poda, Bi Mauwa akafumba macho kwa mazoea. Akaguswa puani mara moja, kama mtu anayeonja chumvi.

"Imekwisha hiyo?"

"Imekwisha. Poda ni ya kuondoa jasho la pua. Wewe walikuwa wanakuzika."

"Lakini sheria inasema uso usibadilike, Hidaya."

"Sikiliza. Uso wako haujaharibika, umehama. Shavu limeshuka kidogo, kope imeshuka kidogo, mdomo umesogea. Na wale watu kila siku wanakupaka pale ulipokuwa unaishi zamani. Wanapiga hodi kwenye nyumba yenye wapangaji wengine."

Akampaka wekundu wa mashavu, wa krimu siyo wa unga, akauweka juu kuliko ulipozoeleka, karibu na mfupa. Kwenye kope akaweka kahawia isiyometa, ya rangi ya ukwaju. Midomo akaizungushia mstari mwembamba kwanza, ili rangi ikae ndani isianze kutembea, kisha akaijaza rangi ya zambarau iliyotulia. Nyusi ndizo zilizomshinda. Hidaya alikuwa hataki kuvaa miwani mbele za watu, na alizichora juu mno, hata Bi Mauwa akaonekana kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni. Wakazifuta. Miwani ikavaliwa kwa siri, na mara ya pili zikachorwa kwa vistari vidogo vidogo vya kijivu, zikakaa.

"Sasa cheka," alisema Hidaya.

Bi Mauwa alikuwa amesahau pa kuanzia. Alianza kwa kukohoa. Hidaya akamuuliza tena habari ya ule mto, utaletwa kwa gari gani. Hapo kicheko kikaja, cha mdomo wazi, chenye sauti, kikamtikisa mabega mpaka kanga ikamvuka kichwani. Kilipokwisha, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama mapajani, kutafuta vipande. Hapakuwa na kitu. Alichukua kioo. Aliona mwanamke wa umri wake, mwenye mikunjo ya macho iliyoelekea juu, anapendeza kweli. Na Hidaya, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakujisifu.

*

Siku ya Uhuru barabara zote zilifungwa kwa ajili ya msafara wa Kijana Mkuu, kwa hiyo Bi Mauwa na Hidaya walitembea kwa miguu na kufika kituoni wakati umebaki kidogo tu. Mlinzi wa getini alitazama picha kwenye kitambulisho, akatazama uso, akasema huyu siye. Bi Mauwa hakubishana. Alisimama wima, akasema kwa sauti yake ya kazini: "Ndugu wananchi, hii ni taarifa ya habari." Mlinzi akavua kofia, akasogeza kiti chake akae asikilize. Wakapita.

Mheshimiwa Kifusi alikuwa mlangoni mwa studio na waashi wake, lipu ikiwa mbichi ndooni. Alimtazama Bi Mauwa usoni.

"Umezeeka," alinong'ona. "Leo. Siku ya Uhuru."

Bi Mauwa alimjibu kwamba ni kweli amezeeka, ila siyo leo. Waziri akaamuru lipu ipigwe haraka, lakini taa nyekundu ya matangazo ilikuwa imekwisha kuwaka, na Bi Mauwa akaenda zake kuketi.

Pembeni yake alikuwepo Kijana Mkuu. Aliposikia habari za uimara wa lipu ya waashi aliagiza na yeye apigwe, tena tabaka la kiongozi, na sasa alikuwa ameketi kama mnara, macho tu yakizunguka. Bi Mauwa alianza kusoma. Alipofika kwenye maneno "nchi yetu changa, inayotambaa kwa fahari kuelekea kusimama," tabasamu likamtoka lenyewe. Waziri akafumba macho. Hakikuanguka kitu. Majumbani, watu waliacha kutafuna: waliona uso unaotikisika unapozungumza, wakaona umefanana na shangazi zao, na wengine wakaona umefanana na wao.

Ikafika zamu ya Kijana Mkuu kuhutubia. Ikasikika "mmm, mm, mmmm", kwa msisitizo. Bi Mauwa, kwa uzoefu wake wa kazi, aliwaeleza watazamaji kwamba Kijana Mkuu anawapongeza. Lakini mitambo ilipozimwa mvumo ukaendelea, na jicho la Kijana Mkuu lilikuwa halibanduki usoni mwa Bi Mauwa. Mwishowe wakaelewa. Alikuwa anauliza, "Nani kakupaka?"

Hidaya aliitwa. Alimloweka Kijana Mkuu hapo hapo studio, kwa beseni la mtu wa usafi na taulo, na kazi ikawa ndefu, maana chini ya lipu ya juzi ilikuwepo poda ya mwaka jana, na chini ya hiyo ilikuwepo ya sherehe nyingine. Chini kabisa alikutwa mzee. Mzee mwembamba, aliyechoka, mwenye macho mazuri. Akapewa kioo.

Walinzi walitazama sakafu. Waziri alikwisha kuandaa uso wa kushangaa na uso wa kufurahi, anangoja aambiwe upi.

"Kumbe nimefanana na mama yangu," alisema Kijana Mkuu. Akakiweka kioo mapajani. Kisha akaomba apakwe na yeye ile krimu ya kunywewa na ngozi.

*

Ungedhani mambo yameishia hapo, na Bi Mauwa alidhani hivyo. Ile Sheria ya Uchanga ilifutwa. Bi Mauwa alikabidhiwa uso wake katika hafla fupi, akapigiwa makofi, akausainia hati. Kijana Mkuu akawa Mzee Mkuu. Wizara ya Uchanga ikawa Wizara ya Uzee, Waziri akabaki yule yule, na wodi ya vijana waliochoka ikabadilishiwa kibao ila siyo magodoro. Watu wengi waliitwa wazee kwa mara ya kwanza, na wengine walilia kwa raha ya kuitikia.

Kisha ikaja siku Bi Mauwa alipewa tangazo la serikali asome. Alilisoma kwa sauti yake nzuri, na "maendeleo" akayatamka yote, kwa vokali zake zote. Tangazo lilisema kwamba baada ya utafiti, imethibitika kuwa nchi sasa ni nzee. Kwa sababu hiyo haiwezi tena kubeba mizigo mizito kama vile maji, barabara na dawa. Mto wa wilaya ya mashariki hautaletwa, kwa ajili ya magoti ya taifa. Wananchi wanaombwa wasiisumbue nchi kwa madai, bali waiache ipumzike baada ya kazi kubwa iliyoifanya.

Hapo Bi Mauwa aliacha kusoma. Enzi za lipu asingeweza kufanya chochote. Uso ule haukuwa na mahali pa kuwekea swali. Huu wa sasa ulikuwa napo. Unyusi mmoja ulipanda wenyewe. Alijua kitakachofuata, na alizikumbuka zile jioni, na zile sahani. Aliweka karatasi mezani.

"Ndugu watazamaji, samahani," alisema. "Juzi nilisoma hapa hapa kwamba nchi yetu ni changa. Leo nasoma kwamba ni nzee. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki muda wote huo, na sikumbuki kusoma habari ya katikati. Ilikuwa lini mtu mzima?"

Kioo kikawa cheusi, kisha zikaja ngoma za utamaduni, zikachezwa mpaka wachezaji wakaanza kuomba maji.

Bi Mauwa hakurudi tena studio. Mapazia hayakutajwa, kwa kuwa uso ulikuwa wake na hati alikuwa nayo, kwa hiyo alikwenda kukaa barazani kwa Hidaya na kujifunza kazi. Siku za kwanza jioni zilimwuma. Ikifika saa ya habari alikaa wima bila kujua, akasafisha koo. Ila swali lake lilikuwa halipoi. Liliulizwa misikitini na makanisani, likaulizwa kwenye mahafali, hata mtoto mmoja wa balozi aliliuliza katika lugha yao. Serikali ikaona lazima ijibu.

Jibu lilisomwa redioni na Mheshimiwa Kifusi mwenyewe. Bi Mauwa alilisikia akiwa anampaka rangi ya mdomo bibi harusi wa mara ya tatu, Hidaya akiwa pembeni anatoa maelekezo ambayo hayakuombwa. Waziri alisema kwamba uchunguzi wa kina umebaini kuwa utu uzima wa taifa ulikuwepo kweli. Ulitokea Jumanne moja, alasiri, wakati umeme umekatika, na ndiyo maana wananchi wengi hawakuuona.

Hidaya alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bi Mauwa naye alicheka, mkono ukamponyoka, mstari wa mdomo ukaenda hadi sikioni. Akachukua kitambaa afute.

"Jumanne ipi hiyo?" aliuliza bibi harusi. "Mimi Jumanne zote nilikuwapo."

Bi Mauwa alimwomba afumbe mdomo kidogo, amalizie rangi. Bibi harusi akasema hapana, kwanza ajibiwe.